Beetle inachemsha baada ya ovaholi? Kagua hivi kabla ya kufungua injini tena

Injini ya Volkswagen Beetle haina maji wala rejeta. Inapozwa na hewa ya feni pamoja na oili, basi. Ikizidi joto muda mfupi baada ya ovaholi, lawama huenda moja kwa moja kwa pistoni au beringi, na mwenye gari anaambiwa injini ishushwe upya. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi kosa liko nje: bati lililobaki sakafuni gereji, taimingi (wakati wa cheche kuwaka) iliyosetiwa kwa sikio, jeti (kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta) isiyo yake. Hayo yote yanakaguliwa bila kulegeza hata nati moja ya hedi.

Vipimo vilivyo hapa ni vya injini ya cc 1600, silinda za milimita 85.5, kabureta moja ya Solex. Ya 1200 na ya 1300 zina jeti zake, ila mpangilio wa kukagua ni uleule. Kwa namba za silinda, simama nyuma ya gari: kulia kwa mbele ni namba 1, kulia karibu nawe ni 2, kushoto kwa mbele ni 3, kushoto karibu nawe ni 4. Mpangilio wa kuchoma ni 1-4-3-2.

Tafuta daftari. Badilisha kitu kimoja, endesha njia ileile kwa mwendo uleule, andika joto, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha jeti, taimingi na plagi kwa asubuhi moja hatajua kilichomponya ni kipi, na tatizo likirudi ataanza upya.

Hatua ya 1: Hakikisha joto lipo kweli

Usitegemee kiganja. Injini hii hata ikiwa salama inaunguza. Funga geji ya joto la oili, ama ya kuchomekwa mahali pa kijiti cha oili, ama ya kufungwa kwenye tundu la chini. Oili ikicheza kati ya nyuzi 80 na 110 za Selsiasi, hakuna ugonjwa. Ikifika 120 punguza mwendo na uanze kutafuta sababu. Ikipita 130 egesha.

Geji yenyewe ipime kwanza. Tumbukiza kichwa cha kipimo kwenye sufuria ya maji yanayochemka, waya ukiwa umeungwa na ncha ya ardhi ikigusa bodi. Ukiwa Mombasa au Dar isome 100. Ukiwa Nairobi isome kama 94, maana maji huchemka mapema huko juu. Geji za bei rahisi huweza kukosea kwa nyuzi 15, na kuna injini zimeshushwa kwa ajili ya geji tu.

Ukiweza, weka pia kipimo cha pete chini ya plagi ya silinda namba 3. Hedi ikiwa 150 hadi 200 ni kawaida kwenye safari; ikivuka 230 usiendelee. Vipimo hivi viwili vikisomwa pamoja vinakusaidia sana baadaye. Hedi ikiwa moto sana na oili ikiwa ya kawaida, mtafute mhalifu kwenye taimingi au mchanganyiko wa petroli. Oili ikiwa moto na hedi ikiwa ya wastani, angalia kipoza oili na valvu zake. Zote mbili zikipanda pamoja, hewa haifiki.

Dalili bila geji zipo: nguvu kupungua mlimani, injini kugonga ukikanyaga mafuta, injini kuendelea kujikokota baada ya kuzima swichi, na taa ya oili kupepesa ukiwa sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) kisha kuzimika ukiongeza mafuta kidogo. Hiyo ya mwisho maana yake oili imekuwa nyepesi kama maji.

Jambo moja la kukutuliza: ringi mpya zinasugua zaidi, kwa hiyo kilomita 500 za kwanza injini huwa na joto kuliko itakavyokuwa. Likishuka kidogo kidogo wiki hadi wiki, liache. Likipanda, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Oili na mkanda

Oili ni lita 2.5 tu, na hiyo kidogo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto. Pima gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa dakika chache. Kuzidisha ni kubaya sawa na kupunguza: krenki inaipiga oili ikawa povu, na povu halipozi kitu. Kwa joto la pwani 20W-50 inafaa. Injini hii haina filta ya oili, ina wavu tu chini, hivyo baada ya ovaholi mwaga oili ya kwanza kilomita 500 na uoshe wavu.

Mkanda wa feni bonyeza kwa kidole gumba katikati: uingie kama milimita 15. Ukilegea unateleza, feni inapungua mwendo, na hutasikia kelele yoyote. Unakazwa kwa kuhamisha washa za puli ya juu, kutoka katikati ya nusu mbili za puli kwenda nje.

Na hili liwe wazi kwa kila atakayeendesha gari hilo, hata ndugu aliyeazima: mkanda ndio unaozungusha jenereta na feni kwa pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla njiani, huenda feni imesimama. Hakuna kusogea mpaka kituo cha mbele. Zima injini hapo hapo ulipo.

Hatua ya 3: Mabati

Hapa kaa sana. Feni inavuta hewa baridi ya chumba cha injini, hewa iliyoingia kupitia nafasi za chini ya kioo cha nyuma. Inaisukuma ndani ya sanduku la feni, inapita kwenye mapezi ya silinda na hedi, inatokea chini ya gari ikiwa moto. Mabati yanayozunguka injini ndiyo ukuta kati ya juu baridi na chini moto. Ukuta ukiwa na tundu, hewa moto inarudi juu, feni inaivuta tena, na kila mzunguko unaongeza joto. Baada ya ovaholi, tundu hizo ndizo tatizo la kawaida kuliko yote, kwa sababu mabati yana skrubu nyingi ndogo zilizooza na fundi mwenye haraka anaona bati moja likikosekana si kitu.

Chukua tochi, fungua buti la nyuma (kifuniko cha injini), kagua moja moja.

Mpira mrefu wa kuzunguka chumba cha injini, unaoshikana na ukingo wa mabati. Ukipasuka au ukikosekana una mwanya wa zaidi ya mita moja ukijumlisha pande zote. Huu ununuliwe mpya.

Mipira ya waya za plagi. Kila waya una kifuniko cha duara kinachoziba tundu kwenye bati. Injini ikiwa inaunguruma, sogeza kiganja juu ya kila tundu, mbali na mkanda. Ukihisi upepo unapuliza, hiyo ni hewa ya kupozea hedi inayokukimbia. Waya mpya za bei rahisi mara nyingi huja na mipira midogo isiyokaa.

Midomo miwili ya sanduku la feni, ile ya kupeleka hewa kwenye hita. Kama ekzosi yako bado ina hita zake, mabomba yaunganishwe. Kama hita zimetolewa, ziba midomo yote miwili kwa vifuniko vya bati. Kuiacha wazi ni kumwaga hewa bure.

Bati la nyuma juu ya ekzosi, na yale madogo ya kuzunguka puli. Ndiyo yanayozuia joto la ekzosi kupanda. Puli za mapambo zenye kipenyo kidogo huacha mwanya hapo, na zile ndogo kabisa hupunguza pia mwendo wa feni. Sioni faida yake kwenye gari la kutembelea.

Mabati ya chini kati ya silinda. Hivi ni vipande viwili vidogo, kimoja kila upande, vinavyokaa chini ya silinda juu ya mirija ya pushirodi (vijiti vya kusukuma valvu) na kuilazimisha hewa ikumbatie sehemu ya chini ya silinda. Vinaingizwa kabla hedi haijafungwa, kwa hiyo vikisahauliwa vimesahauliwa. Lala chini ya gari likiwa limetulia kwenye stendi imara, mulika katikati ya mirija. Ukiona mapezi ya silinda yako wazi kabisa, havipo.

Mabati ya kipoza oili. Injini za kuanzia 1971 kipoza kimehamishwa nje kidogo, kina kijumba chake cha bati na njia yake ya kutolea hewa moto. Injini hizo hufungwa kwenye magari ya zamani, na vile vibati vya kutolea hewa havihami nazo. Matokeo yake joto lote la oili linamwagwa ndani ya chumba cha injini.

Ukimaliza hapo chungulia ndani ya feni kwa tochi. Tambara la kufutia mikono, kiota cha panya, majani makavu: vyote hukutwa humo, hasa kama injini ilikaa chini muda mrefu ikisubiri spea. Feni isiguse bati la nyuma yake wala isiwe mbali nalo. Mwanya wa karibu milimita 2 ndio unaotakiwa.

Thermostati iko chini, upande wa silinda 1 na 2, na inafungua vibao vya hewa ndani ya sanduku ikifika nyuzi 65 hadi 70. Wengi huku huitupa. Sina ugomvi nao sana kwa nchi za joto, lakini springi ya kuvuta vibao vikae wazi lazima iwepo. Vibao visivyoshikwa na chochote vinaweza kujifunga, na injini ikakosa hewa huku kila kitu kikionekana sawa kwa nje. Usiving'oe pia, maana vinasaidia kuigawa hewa.

Kuhusu kuegemeza buti la nyuma wazi kwa kipande cha bomba ili injini "ipumue": kama mpira na mabati viko salama huhitaji, na kama haviko salama unaukaribisha moshi na hewa moto ya nyuma ya gari.

Hatua ya 4: Taimingi

Taimingi iliyochelewa inapeleka moto kwenye ekzosi na hedi. Iliyotangulia sana inafanya injini igonge, na kugonga huko huchoma pistoni. Kusikiliza injini na kusema "hapo ndipo" hakutoshi.

Seti kwanza mwanya wa kontakti pointi (vikatizo vya umeme ndani ya distributa, kifaa cha kugawa cheche kwa plagi), milimita 0.4, maana zikibadilika na taimingi inabadilika. Kisha hakikisha alama ya puli ni ya kweli. Puli hubadilishwa kwenye ovaholi, na zipo zenye vijino viwili au vitatu visivyofanana. Zungusha injini kwa mkono mpaka rota ya distributa ielekee kimkato kidogo kwenye ukingo wa distributa, ndiyo silinda namba 1. Pistoni ikiwa juu kabisa, alama yake kwenye puli (alama ya juu kabisa) inakaa sawa na mshono wa bodi ya injini.

Kama puli haina digrii, zichore mwenyewe. Zungushia uzi ukingo wa puli, kata, uugawe vipande kumi na viwili sawa. Kipande kimoja ni digrii 30. Pima urefu huo kutoka alama ya juu kabisa kwenda kulia, ukitazama puli kutoka nyuma ya gari, na uweke alama ya rangi nyeupe.

Sasa washa injini na utumie taa ya taimingi. Kwa distributa ya Bosch 009 isiyo na bomba la hewa, pandisha mizunguko hadi 3,000 kwa dakika au zaidi kidogo mpaka alama iache kusogea: ikae kati ya digrii 28 na 32. Digrii ngapi sailensa lisikusumbue sana. Hiyo ya juu ndiyo inayoua injini. Distributa yenye bomba la hewa, chomoa bomba na uzibe ncha yake kabla ya kupima. Alama isiposogea kabisa ukipandisha mizunguko, vyuma vya ndani ya distributa vimeshika kutu. Oili matone machache huweza kuvirudisha.

Hatua ya 5: Petroli na hewa

Petroli ikiwa haba kuliko hewa, moto unakuwa mkali na hedi inapanda haraka. Kuna milango miwili ya hali hiyo: hewa inayoingia isikotakiwa, na jeti ndogo.

Anza na hewa ya wizi. Injini ikiwa sailensa, puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye kitako cha kabureta, kwenye mipira inayounganisha mirija ya kati na ya pembeni, na pale mirija inapoingia kwenye hedi. Mlio ukibadilika, umefika. Usitumie petroli kwa kazi hii, na kizima moto kiwe karibu. Angalia pia ekseli ya kipepeo cha kabureta: ikicheza ukiitingisha, inanyonya hewa pembeni, na hakuna skrubu ya kusetia itakayoliondoa hilo.

Kisha plagi. Endesha kilomita 10 au 15 kwa mwendo wa safari, kanyaga klachi, zima swichi hapo hapo, acha gari lijisukume hadi pembeni mahali salama. Fungua plagi zote nne na uzipange kwa namba. Kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeupe kavu yenye vipele ni joto. La muhimu ni kulinganisha. Zote nne zikiwa nyeupe, shuku jeti au taimingi. 3 na 4 tu zikiwa nyeupe, hewa inaingia upande wa kushoto. Namba 3 peke yake, rudi kwenye mabati ya kipoza oili; kwenye injini za zamani silinda hiyo inakaa nyuma ya kipoza na hupata hewa iliyokwisha pashwa, ndiyo maana distributa nyingi za kiwandani zilichelewesha cheche yake kidogo.

Suala la jeti lina habari yake kwetu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Fundi wa Nairobi au Arusha akiseti kabureta vizuri kwa hali ya kwake, pengine kwa kupunguza jeti kuu, gari litatembea vizuri huko. Literemshe Voi, lifikishe pwani: hewa imekuwa nzito, jeti ni ileile, petroli imekuwa haba, na juu yake joto la nje limeongezeka. Mwenye gari anasema "Nairobi halikuwa hivi", naye anasema kweli. Namba ya jeti ni kipenyo kwa mia za milimita, yaani 127.5 ni milimita 1.275. Panda ngazi moja, kwa mfano kutoka 127.5 hadi 130, endesha, soma plagi, ndipo uamue. Usitoboe jeti kwa waya au sindano, kwa sababu hutajua tena una namba gani.

Hatua ya 6: Tapeti, kipoza, valvu ya oili

Tapeti, yaani nafasi ya valvu, ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku. Baada ya ovaholi ziseti tena kilomita 500, kwani hedi na silinda hujikalisha na nafasi hupungua. Valvu ya ekzosi isiyofunga vizuri haitoi joto lake kwenye kiti chake, inaungua. Zilegee kidogo kuliko kubana.

Kama injini ilifanyiwa ovaholi kwa sababu beringi ziliyeyuka, uliza kipoza oili kilitoka wapi. Kikiwa ni kilekile cha zamani, vumbi la chuma limo ndani ya mirija yake na kuosha hakulitoi lote. Kibadilishe. Kagua pia mipira yake ya kuketia, maana ipo ya tundu la milimita 8 na ya 10, na ukichanganya oili inabanwa au inavuja.

Chini ya injini, upande wa puli, kuna skrubu kubwa ya bisibisi bapa. Ndani yake kuna springi na kipistoni kidogo. Oili ikiwa baridi na nzito, kipistoni hicho huiruhusu ikwepe kipoza. Kikikwama kikiwa wazi, oili inakikwepa kipoza siku zote. Kitoe: kinatakiwa kuteleza chenyewe kwa uzito wake. Kama kina mikwaruzo, kilainishe kwa msasa mwembamba wenye oili na kisafishe kabisa. Injini za kuanzia 1970 zina cha pili upande wa klachi.

Kabla ya kwenda ndani, sukuma gari kwa mkono mahali tambarare. Likigoma, breki zinashika na injini inavuta mzigo usioonekana. Jiangalie na wewe pia: kupanda mlima kwa gia ya 4 na mizunguko michache maana yake mzigo mkubwa na feni ya polepole. Shuka gia mapema. Gari hili lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki 1954, 1957 na 1962, barabara za vumbi na joto lake. Linavumilia mizunguko kuliko kukabwa.

Hatua ya 7: Ndipo ufungue

Kama yote yaliyotangulia yako sawa na joto halishuki, toa hedi ukitafuta mambo matatu.

La kwanza ni mgandamizo. Pima ujazo wa chumba cha hedi kwa bomba la sindano na oili nyepesi, pima pistoni iko chini ya ukingo wa silinda kwa kiasi gani. Silinda moja ina cc 396. Chumba cha cc 50 na pistoni chini kwa milimita 1.5 vinakupa mgandamizo wa karibu 7.8, ndio wa kufaa. Hedi iliyokatwa mashineni ikabaki cc 44, na pistoni chini kwa milimita 0.8, inakupeleka 9.1. Hapo petroli ya kawaida itagonga daima. Dawa ni shimu (pete nyembamba za chuma) za kuinua silinda.

La pili ni mapezi ya hedi mpya. Hedi nyingi za bei nafuu hutoka kwenye kalibu zikiwa na utando wa alumini kati ya mapezi, hasa karibu na valvu ya ekzosi na plagi, na hewa haipiti. Mulika upande mmoja utazame wa pili. Pasipopita mwanga, toboa kwa keekee ndogo na umalizie kwa tupa nyembamba. Rangi nene ya mapambo juu ya silinda nayo ikwanguliwe.

La tatu ni nafasi ya pistoni ndani ya silinda, milimita 0.04 hadi 0.06 kwa mpya. Mistari ya kung'aa iliyosimama pande mbili za pistoni inaonyesha ilibana. Ukirudisha hedi, studi za milimita 10 zikazwe kilogramu-mita 3.2 na za milimita 8 kilogramu-mita 2.5, kwa mpangilio, kwa toku spana. Na vile vibati viwili vya chini ya silinda viwe mezani mbele yako kabla hujaanza kufunga.